Droni Juu ya Migomba: Mgeni Asiyesaini Kitabu

Katika vijiji vinavyopanda kuelekea Mlima Rungwe, kaskazini mwa mji wa Tukuyu, kusini magharibi mwa Tanzania, mgeni anayekuja kwa shughuli yoyote isiyo ya kusalimia ndugu huanzia ofisi ya kijiji. Mtafiti wa chuo kikuu, mnunuzi wa parachichi, mpima ardhi, hata mhubiri anayetaka kufunga vipaza sauti uwanjani, wote hutoa barua ya utambulisho kwa Mtendaji, husaini kitabu cha wageni, kisha hueleza wamekuja kufanya nini na watakaa kwa muda gani. Utaratibu huu ni wa zamani, haumgharimu mtu chochote, na wengi wetu hatukuwahi kuufikiria mpaka alipozuka mgeni asiyepita ofisini wala kupiga hodi. Huyu huja na mvumo kama wa mzinga uliochokozwa, husimama angani juu ya uwanja wa nyumba, hutazama anachotaka kutazama, kisha huondoka bila mtu kujua ametumwa na nani.

Mimi ni mkulima wa parachichi na migomba, na pia ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, kwa hiyo malalamiko kuhusu droni yalianza kunifikia nikiwa sijui lolote kuhusu droni wala sheria zake. Malalamiko yenyewe hayakuwa ya kisheria hata kidogo. Mama mmoja mjane alikuja kusema kwamba ameacha kuoga mchana. Bafu lake, kama mabafu mengi ya huku, ni uzio wa mabanzi na nailoni nyuma ya nyumba, halina paa, na ukuta wa kimo cha mtu ulimtosha kwa miaka yote kwa sababu hapakuwa na jirani anayetazama kutoka juu. Mzee mwingine alizungumzia kuku: droni ikipita chini, kuku mama hutoa mlio ule ule anaoutoa akiona mwewe, vifaranga hukimbilia chini ya mibuni, na mchana mzima hawatoki kwenda kula. Wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya mabanda walilalamika kwamba ng'ombe hushtuka na kuvuta kamba wakati wa kukamuliwa.

Lililowaudhi watu kuliko yote lilikuwa la msibani. Huku kwetu msiba una watu wengi na una siku nyingi. Wanaume hukaa nje chini ya migomba, wanawake hulia ndani na uwanjani, na hakuna anayejali kwa saa hizo sura yake ikoje au kanga imemkaa vipi. Wakati mwili unatolewa nje, droni ilikuja ikatulia juu ya uwanja, ikakaa kiasi cha kila mtu kuinua macho, halafu ikaelekea upande wa barabara kuu iendayo Kasumulu. Mpaka leo hatujui picha zile zilikwenda wapi. Wapo waliosema ni mpiga video wa ukoo fulani, wapo waliosema ni watu wa siasa, na wapo waliokwisha kuokota mawe kabla ya wazee kuwatuliza.

Kikao kilichofuata kilianza na swali ambalo nadhani kila mtu aliyewahi kurukiwa na droni hulianza nalo: kwani juu ya shamba langu si kwangu? Ni swali la haki, na lina umri mkubwa. Zamani wanasheria wa Ulaya walikuwa na kanuni ya Kilatini iliyosema kwamba mwenye ardhi anamiliki kila kilicho juu yake mpaka mbinguni na kila kilicho chini yake mpaka kuzimu. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri wakati hakuna aliyeweza kupita angani isipokuwa ndege wenye manyoya. Ndege za chuma zilipoanza kuruka, ikawa kila shirika la ndege lingepaswa kuomba ruhusa kwa kila mwenye kiwanja, jambo lisilowezekana, na mahakama zikaanza kuipunguza kanuni hiyo.

Kesi inayotajwa zaidi ilitoka Marekani mwaka 1946, nayo, kwa bahati ya kuchekesha, ilihusu kuku. Mfugaji aliyeitwa Causby, katika jimbo la North Carolina, alikuwa na banda lake karibu na uwanja uliotumiwa na ndege za jeshi wakati wa vita, na ndege hizo zilipita futi 83 tu juu ya eneo lake. Kuku wapatao 150 walikufa kwa kujibamiza ukutani kwa hofu, na biashara ikafa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilisema kwamba kanuni ya kumiliki mpaka mbinguni haina nafasi tena katika dunia ya sasa, lakini ikasema pia kwamba mwenye ardhi anamiliki angalau sehemu ya anga iliyo karibu na ardhi ambayo anaweza kuikalia au kuitumia. Causby akashinda. Niliposimulia kesi hii kikaoni, yule mzee wa kuku alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ameletewa salamu na mfugaji mwenzake.

Uingereza walikwenda njia nyingine, na njia hiyo inatuhusu zaidi kwa kuwa sheria zetu zimerithi mengi kutoka kwao na mahakama zetu huzisoma hukumu zao hata pale zisipofungwa nazo. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1977, Lord Bernstein aliishtaki kampuni iliyopiga picha ya jumba lake la shamba kutoka kwenye ndege na kisha kumletea picha hiyo ili ainunue. Alidai kwamba wameingia katika mali yake bila idhini. Jaji alimkatalia: haki ya mwenye ardhi juu ya anga inaishia kwenye kimo kinachohitajika kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yake, na kupita mara moja juu zaidi ya hapo ili kupiga picha si uvamizi. Hata hivyo jaji huyo aliongeza jambo ambalo ningependa kila mwenye droni alijue. Alisema kwamba kama mtu angeandamwa kwa kuchunguzwa nyumba yake kutoka angani mara kwa mara, na kila anachofanya kikipigwa picha, hasemi kwamba mahakama isingemsaidia. Huo ungeweza kuwa usumbufu ambao sheria inautambua.

Kwa hapa Tanzania, hoja ya umiliki wa anga ni dhaifu zaidi, kwani hata udongo wenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ni ardhi ya umma ambayo Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tulicho nacho ni haki ya kuikalia na kuitumia, iwe kwa hati au kwa hakimiliki ya kimila, nayo ni haki yenye nguvu, lakini mtu anayesimama mbele ya mrusha droni na kudai kwamba anga ni lake atashindwa mjadala kabla hajaumaliza. Anga ina mwenyewe, naye ni serikali. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, tayari katika ibara yake ya 8 ulizungumzia ndege zinazoruka bila rubani ndani yake na kusema zisiruke juu ya nchi bila idhini ya nchi hiyo, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kununua droni dukani. Kwetu mwenye jukumu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iliyo na kanuni za vyombo hivi za mwaka 2018, na mrushaji anahitaji usajili na kibali, pamoja na ridhaa ya wizara yenye dhamana ya ulinzi.

Hapa nieleze maoni yangu waziwazi, kwa sababu nimeona watu wakipoteza nguvu nyingi mahali pasipostahili. Mamlaka za anga duniani kote zimejengwa kulinda ndege zisigongane na zisianguke. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, karibu na London, ulisimamisha safari kwa sababu ya taarifa za droni, na safari kama 1,000 zenye abiria wapatao 140,000 zikavurugika. Tangu hapo kila mamlaka ya anga ina usingizi mwepesi kuhusu droni karibu na viwanja vya ndege, na ndivyo inavyopaswa kuwa pia kwa uwanja wa Songwe au ule wa Nduli kule Iringa. Lakini bafu la mama mjane huko mlimani si kitu ambacho taasisi ya namna hiyo iliundwa kukilinda. Mwenye kuusubiri ulinzi huo kutoka Dar es Salaam atasubiri sana. Anachoibiwa yule mama ni sura yake akiwa katika hali aliyoichagua isionekane, na anga haihusiki, hivyo madai yake yanapaswa kuelekezwa kwenye picha.

Katika jambo la picha sheria zetu si maskini. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, pamoja na heshima na hifadhi ya maskani yake. Maskani, si kiwanja. Ndiyo maana mpangaji anayeishi chumba kimoja Mwanjelwa, Mbeya mjini, ana haki hiyo sawasawa na mwenye eka hamsini. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Kampuni inayokusanya picha ambazo mtu anaweza kutambulika ndani yake ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, inatakiwa kusajiliwa, inatakiwa kuwa na sababu halali ya kukusanya, na aliyepigwa picha anaweza kulalamika kwa Tume. Na picha ya utupu ikisambazwa mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaingia, na hapo ni suala la polisi moja kwa moja.

Ila ili mtu alalamike kwa haki, ni lazima ajue droni inaona nini hasa, na hapa hofu huwa kubwa kuliko ukweli kwa upande mmoja na ndogo kuliko ukweli kwa upande mwingine. Chukulia kamera ya kawaida ya droni ndogo, yenye lenzi pana na picha ya pikseli 4,000 kwa upana, yaani vidoa vidogo vinavyoiunda picha. Ikiwa mita 100 juu yako na inatazama chini moja kwa moja, picha moja hufunika eneo la upana wa karibu mita 150, maana yake kila pikseli ni sentimita tatu hadi nne za ardhi. Kichwa cha mtu kinakuwa vidoa vichache tu. Utaona kuna mtu, utaona amevaa nguo ya rangi gani, hutajua ni nani. Ikishuka mpaka mita 20, kila pikseli inakuwa chini ya sentimita moja, na ikitazama kwa pembe badala ya kutazama utosi, uso unaanza kutambulika. Kamera yenye lenzi ya kuvuta hubadilisha hesabu hii yote, nazo siku hizi zipo hata kwenye droni zinazoingia mkobani.

Kwa hiyo mwendo wa droni unasema mengi kuliko uwepo wake. Ile inayokwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kwa kimo kimoja, kama mtu anayelima matuta, inapima au inachora ramani, na aghalabu haina habari na nguo zako kwenye kamba. Ile inayosimama, inayozunguka nyumba, inayoshuka hadi usawa wa dirisha au inayorudi pale pale kila jioni, hiyo ina mtu nyuma yake anayetazama. Ya kwanza inahitaji kuulizwa. Ya pili inahitaji kusimamishwa.

Milima yetu nayo inaleta tatizo ambalo sijaliona likielezwa vizuri popote. Katika nchi nyingi kikomo cha kawaida cha kuruka ni futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, na warushaji hujitetea kwa kuonyesha namba iliyo kwenye kioo cha rimoti. Lakini kwa droni nyingi za kawaida, namba ile hupimwa kutoka mahali droni iliporukia, haipimwi kutoka ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Katika nchi tambarare ya Usangu, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, tofauti hiyo ni ndogo. Huku Rungwe, au kwenye makorongo ya Mufindi, mtu anaweza kurusha droni kutoka barabarani bondeni, akaipandisha mita 60 kwa mujibu wa rimoti yake, akaielekeza upande wa mlima, na droni hiyo ikajikuta usawa wa dirisha la nyumba iliyojengwa mita 55 juu ya barabara. Kwa macho ya mrushaji yuko mbali sana juu. Kwa macho ya mwenye nyumba amechungulia chumbani. Wote wawili watakula kiapo, na wote watakuwa wanasema kweli. Nimesikiliza ugomvi wa aina hiyo, na uliisha pale tu mrushaji alipokubali kupanda mwenyewe hadi kwenye nyumba ile na kutazama chini alikokuwa amesimama.

Sasa niseme kuhusu mawe, manati na magobore, maana hilo ndilo pendekezo la kwanza katika kila kikao. Simlaumu kijana anayeokota jiwe msibani. Lakini droni ya karibu kilo moja ikianguka kutoka mita 50, bila kuhesabu upepo unaoipunguzia kasi, hufika chini kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ikiwa na mapanga yanayozunguka, na msibani chini yake kuna watu mia mbili. Betri yake ya lithiamu ikipasuka huweza kushika moto ambao haukubali kuzimwa kirahisi. Wakati wa kiangazi, karibu na nyumba ya nyasi au kwenye misonobari ya Sao Hill, hilo ni janga ambalo halitamuuliza mtu nani alianza. Kisheria pia mpigaji hujigeuza kutoka mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, gobore lisilo na leseni ni kosa jingine chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na droni, kwa hesabu ya wakuu wa usafiri wa anga duniani, ni ndege. Ni kweli kwamba mwaka 2015 mtu mmoja wa jimbo la Kentucky aliyetungua droni juu ya nyumba yake kwa bunduki aliachiwa na hakimu, na habari hiyo imezunguka sana kwenye simu za watu. Ilikuwa ni uamuzi wa mahakama ya chini katika nchi nyingine, kuhusu sheria nyingine, na alianza kwanza kwa kukamatwa.

Wapo pia wanaopendekeza vifaa vya kuvuruga mawimbi, ambavyo huuzwa mtandaoni kwa wanaotaka kutapeliwa. Droni nyingi huwasiliana na rimoti kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5.8, ambayo ndiyo hayo hayo ya intaneti isiyo na waya ya zahanati na shule. Kuvuruga mawasiliano ya redio ni kosa, na hata lisingekuwa kosa, droni iliyopotezewa rimoti yake hufanya jambo ambalo aliyeivuruga hakulipanga.

Jambo la kufanya ni kumtafuta mtu, na hilo ni rahisi kuliko linavyoonekana. Droni ndogo haikai angani kwa muda mrefu. Betri ya dakika thelathini za kiwandani huku juu, penye hewa nyepesi na upepo, huwa pungufu ya hapo. Betri ikikaribia kuisha, nyingi hupanda juu na kurudi kwa mstari ulionyooka mahali ziliporukia. Kwa hiyo unapoiona, usikimbilie kuitukana. Andika saa, andika imetokea upande gani, ipige picha kwa simu huku paa au mti ukiwa kwenye picha hiyo hiyo ili kimo kipimike, kisha tuma watoto wawili wenye macho mazuri waifuate kwa kutazama inakoshukia. Mwenyewe huwa kwenye uwanja wa shule, kando ya gari, au juu ya kichuguu penye nafasi, ameinamisha kichwa kwenye kioo. Marekani tangu Machi 2024 droni nyingi hulazimika kutangaza kitambulisho chao na mahali alipo mrushaji kwa mawimbi yanayoweza kusomwa na simu, na baadhi ya droni mpya zinazofika huku zina uwezo huo, lakini mimi naendelea kuamini macho ya watoto.

Nilimfuata mmoja kwa njia hiyo, akiwa amesimama kwenye ukingo wa shamba la jirani yangu anayeishi Mbeya mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana wangu. Hujambo? Chombo hicho ni chako?"

"Ni cha ofisi, baba. Tunahesabu miparachichi."

"Mmepita kwa Mtendaji?"

"Tumeongea na mwenye shamba, ametupa ruhusa."

Hakuwa mwongo, na hakuwa na nia mbaya. Alinionyesha kwenye kishikwambi chake jinsi kazi inavyokwenda. Ili kompyuta iweze kuunganisha picha kuwa ramani moja, kila picha inapaswa kurudia sehemu kubwa ya ile iliyopita, hadi robo tatu au zaidi, na kingo za shamba zikipigwa mara chache ramani huharibika hapo. Ndiyo maana droni huvuka mpaka na kugeukia nje yake. Shamba lile limepakana na kaya tano. Mwenye shamba alikuwa ametoa ruhusa ya kupiga picha za miti yake, na bila kujua alikuwa ametoa pia ruhusa ya nyua tano ambazo si zake. Niliziona kwenye kioo: mapaa ya bati, banda langu, na mtu mwenye kanga nyekundu akianika nguo, mdogo kama punje. Nilimwomba mambo mawili, akayakubali yote bila shida: ramani ikatwe mpakani kabla ya kukabidhiwa kwa mwenye shamba, na siku nyingine atume mtu azipitie kaya jirani jioni ya kuamkia siku ya kurusha. Hakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba majirani nao wana neno.

Si wote walio hivyo. Akipatikana anayekataa kujitambulisha, au anayerudi baada ya kuombwa asirudi, hatua za kawaida za kijiji zinatosha kuanzia: Mwenyekiti wa Kitongoji, Mtendaji, Polisi Kata, kwa maandishi na pamoja na zile picha na saa zilizoandikwa. Swali moja hufanya kazi kubwa kuliko ukali wowote, nalo ni kumwomba aonyeshe usajili na kibali chake cha kurusha. Mwenye nacho hukitoa. Asiye nacho hufungasha. Barua kwa TCAA itumwe pia, kwa sababu kumbukumbu ina thamani yake hata kama jibu litachelewa, na kama ni kampuni, nakala iende kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Baraza la Kata linaweza kusuluhisha, ila watu wasilitarajie kutoza faini. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 hata katika migogoro ya ardhi kazi yake ni kupatanisha.

Sitaki kuonekana mtu anayechukia chombo chenyewe. Mpima ardhi akitumia droni humaliza kwa asubuhi moja kazi iliyokuwa ikihitaji kukata vichaka kwa wiki nzima, na kwenye mpunga unyunyiziaji wa dawa kutoka juu unamwepusha kibarua na sumu mgongoni. Wapiga video wa harusi nao wanaishi kwa droni. Sendofu isiyo na picha ya kutoka juu siku hizi huhesabika haijakamilika, na ukumbi ukiwa katikati ya makazi, nusu ya mtaa huingia kwenye filamu ya bibi harusi. Hilo la harusi nimeliachia watu waamue, kwa sababu nimegundua kwamba majirani wale wale wanaopinga droni huomba kutumiwa video.

Tulichokubaliana kijijini ni kidogo na cha kawaida. Kijiji hakiwezi kutunga sheria ya anga, na Mtendaji aliyejaribu angerudishiwa rasimu yake na halmashauri ya wilaya siku hiyo hiyo, kwani sheria ndogo za kijiji hazina nguvu mpaka zipitishwe huko. Lakini droni zote huruka kutoka ardhini, na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Rasimu yetu inasema kwamba mtu yeyote anayetaka kurusha au kushusha droni ndani ya kijiji aripoti kwanza ofisini, aonyeshe kibali, aandike jina, namba ya simu, eneo na saa katika kitabu cha wageni, na asirushe juu ya msiba isipokuwa wafiwa wenyewe wameomba. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliipokea vizuri. Ubishi ulikuwa kwenye ada: baadhi ya wajumbe walitaka kila droni ilipe, na vijana wawili wa kijiji wanaopiga video walisimama wakasema kwamba ada hiyo itawafukuza wao wanaojulikana na kumwacha yule anayerushia kutoka ndani ya gari barabarani, ambaye hatalipa hata hivyo. Walikuwa sahihi, na ada ikaondolewa. Yule anayerushia ndani ya gari bado hatuna jibu lake, kwa kuwa barabara kuu si ardhi ya kijiji. Kwa sasa tumewapa waendesha bodaboda wa kituoni namba ya Polisi Kata, nao wameelewa kwamba gari likisimama muda mrefu huku mtu ameinamia kioo, wasogee kumsalimia.